Alama za Oktoba

Usiku ule Normande Deschaine hakupata usingizi. Alijilaza, akavuta blanketi mpaka kidevuni na kumpa mgongo mumewe, lakini masikio yake yalikuwa chumba cha pili, kwa binti yake. Alama za mtihani wa kuingilia chuo zilikuwa zitoke alfajiri. Corinne alikuwa amesema hakuna haja ya mtu kuamka.

"Lala, Mama. Zitakuwa zile zile, uwe macho uwe umelala."

Mama hakulala, na aliyemwambia alale naye hakulala. Normande alisikia springi za kitanda zikilia, kikohozi kidogo, hatua mbili mpaka dirishani, hatua mbili kurudi.

"Huyo mtoto ana viroboto?" Gilman, mumewe, aliuliza gizani.

"Anangoja alama."

"Na wewe una viroboto gani?"

"Namngoja yeye."

"Haya, ngojeaneni. Mimi nina lori la viazi la kupeleka mjini Presque Isle asubuhi." Akajivutia blanketi lote upande wake, na baada ya muda mfupi akaanza kukoroma.

Saa kumi na moja na robo simu ililia kidogo nyuma ya ukuta, halafu kimya. Normande alihesabu moyoni mpaka thelathini, akaongeza thelathini nyingine. Hakusikia kelele ya furaha wala kilio. Alivaa ndara akaingia. Corinne alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, simu ameilaza kifudifudi juu ya goti.

"Elfu moja mia moja na hamsini," alisema.

Normande hakuwa mtu wa shule, lakini kutoa alijua. Katika mtihani wa kwanza, wa Mei, Corinne alikuwa amepata elfu moja mia mbili na arobaini.

"Zimeshuka," alisema, na papo hapo akatamani kuyameza maneno yake.

"Asante, Mama. Sikuwa nimeona."

Wote wawili walijua zimeshuka kwa nini.

Majira ya joto yote Corinne alikuwa amejifungia na vitabu. Mwezi wa saba alikuwa ameitwa wiki nzima katika Chuo cha Wardlow, kule kusini, Massachusetts, pamoja na watoto wengine waliochaguliwa kwa hesabu. Gharama zote zilikuwa juu ya chuo. Alirudi akiongea kama mtu aliyeonyeshwa kiti chake mezani. Mwalimu mmoja wa kule alikuwa amemwambia aombe nafasi, na kwamba mtoto wa nyumba isiyo na uwezo akikubaliwa Wardlow hulipiwa kila kitu. Tangu siku hiyo hakuongelea kitu kingine. Chuo cha hapa karibu, ambako kila mtu wa bonde hili la wakulima wa viazi huishia, kilikuwa tayari kumpokea hata kesho. Alikuwa akikitaja kama mtu anavyotaja gauni alilorithi kwa dada yake mkubwa.

Mtihani wa pili ulikuwa Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Oktoba bondeni ni mavuno, na shule hufungwa wiki tatu ili watoto wakatoe viazi ardhini. Normande na binti yake walisimama bega kwa bega juu ya mashine ya kuvunia viazi ya mkulima Reno Thibeault, mkanda ukipita mbele yao, wakichagua mawe na mashina makavu na kuyatupa pembeni. Normande alikuwa akichukua likizo yake yote ya mwaka kwa kazi hiyo, tangu Corinne hajazaliwa. Ijumaa, kabla ya mtihani, redio ilitangaza baridi ya kugandisha. Kulikuwa bado na ekari kumi na nne za viazi ardhini, na viazi vikiganda vinaoza. Reno alipanda kwenye mashine kofia mkononi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nani anabaki?"

Corinne alimtazama mama yake. Kwa watu wa pale, aliyeingia kwenye kundi la mvunaji hashuki shamba likiwa halijaisha, awe mgonjwa, awe na harusi. Normande alijibu kwa niaba ya wote wawili.

"Tutamaliza."

Walimaliza saa nne usiku, chini ya taa za trekta. Saa kumi na nusu alfajiri Corinne alikuwa barabarani, kwa sababu mji wa mtihani ulikuwa mwendo wa saa mbili na nusu. Alisema baadaye, mara moja tu na bila kulaumu, kwamba kila alipotazama skrini ya mtihani maneno yalikuwa yakipita kutoka kushoto kwenda kulia, kama mawe. Kila aliyewahi kusimama kwenye mkanda siku nzima anajua jambo hilo. Ukifumba macho mkanda unaendelea kwenda.

Wiki moja baada ya alama kutoka, walikwenda wote wawili kwa Bi Haskell, mshauri wa wanafunzi. Bi Haskell alitoka pwani ya kusini na alikuwa ameishi bondeni miaka kumi na moja tu, kwa hiyo bado alikuwa mgeni. Alipanga mikono yake juu ya meza.

"Njia ziko tatu," alisema. "Atume alama zote mbili, atume za Mei peke yake, au asitume kabisa. Wardlow hawalazimishi. Ushauri wangu, asitume."

"Kwa nini asitume?" Normande aliuliza. "Si alizipata mwenyewe? Hakuiba."

"Hakuiba, Bi Deschaine. Lakini wengi wanaoingia pale wana elfu moja na mia nne, na zaidi."

"Katika shule hii kuna aliyempita?"

"Hakuna. Ndiyo maana nataka wamwone hivyo: wa kwanza kati ya thelathini na mmoja. Pamoja na barua yangu, na barua ya mwalimu wa hesabu. Wakiona namba ile, wataanza kumpima kwa namba."

"Na wakiuliza mbona hakutuma?"

"Hawaulizi."

"Watu hawaulizi, Bi Haskell. Wanawaza."

"Mama," Corinne alisema, "nimeshaamua. Situmi."

Njiani kurudi, mashamba yamebaki udongo mtupu pande zote mbili, Normande alijaribu kueleza. Yeye alikuwa amevuna enzi za mapipa, wakati viazi viliokotwa kwa mkono. Kila mwokotaji alipewa furushi la tiketi zenye namba yake. Ukijaza pipa unabandika tiketi, unaenda kwenye pipa jingine. Pipa lisilo na tiketi si la mtu. Umevunja mgongo bure. Na hakuna aliyebandua tiketi yake eti pipa lile lina viazi vidogo. Mwenye shamba huja mwenyewe, anatazama, na anajua mistari ya shamba lake. Anajua wapi kuna mawe na wapi maji yalituama.

"Kwa hiyo ukificha pipa," alisema, "anayekosa ni wewe."

"Mama, hayo ni mapipa."

"Najua ni mapipa."

"Hawa hawana mashamba."

Normande aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita. Likizo ya mavuno ilipoisha, wenzake walirudi darasani na yeye akabaki kwenye ghala la viazi, akiahidi atarudi wiki ijayo. Kila alipobishana na binti yake juu ya mambo ya karatasi, wiki ile ijayo ilikuja ikasimama katikati yao. Akaona heri kunyamaza.

Ila kunyamaza si kuridhika. Kazini, jikoni mwa nyumba ya wazee, alimenya karoti na kuwaza. Priscille, mpishi mwenzake, aliyekuwa na mtoto anayesoma Boston na hakumruhusu mtu kusahau, alimwona.

"Una nini? Umemenya karoti mpaka imebaki kijiti."

Normande alimweleza, kwa sauti ya chini.

"Asitume? Wee! Wa kwangu alituma kila kitu, mpaka cheti cha kuogelea. Asiyetuma wanajua tu ana la kuficha, wanamweka chini kabisa ya rundo."

"Nani kakwambia?"

"Kwani hilo la kuambiwa?" Priscille alichukua karoti moja akaitafuna. "Au namba zenyewe ni za kuonea haya?"

"Hakuna aliyempita shule nzima."

"Basi zitoe, shoga. Unazikalia za nini?"

Maombi yalikuwa yafungwe tarehe kumi na tano Novemba. Corinne alipeleka ya kwake siku tatu kabla, bila alama. Jioni ya tarehe kumi na tano alikuwa dukani alikofanya kazi za jioni, na Gilman alikuwa barabarani. Normande alikaa mbele ya kompyuta. Neno la siri la tovuti ya mtihani lilikuwa kwenye kalenda ya jikoni, kwa mwandiko wake mwenyewe, kwa kuwa ni yeye aliyemwandikisha mtoto mtihani kwa kadi yake ya benki. Alilibonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja.

Ukurasa ulifunguka ukiwa na visanduku viwili, cha Mei na cha Oktoba.

Alitia tiki kwenye Mei. Hilo ndilo alilokuwa amejiambia atafanya, hilo tu. Kisha kidole kikabaki hewani juu ya Oktoba. Wakiona Mei peke yake si watauliza mtoto huyu alikuwa wapi vuli nzima? Watadhani alikaa tu. Oktoba ndiyo ingewaambia. Atakayeona tarehe ataelewa mwenyewe: huyu ametoka shambani saa nne usiku, saa mbili asubuhi yuko kwenye mtihani, na bado amepata elfu moja mia moja na hamsini. Mbele ya macho ya Normande namba ile ilianza kukua, mpaka ikawa kubwa kuliko ile ya Mei. Wangapi wangeweza? Watoto wa Boston wangeweza?

Akaitia tiki. Akatuma zote mbili. Usiku ule alilala fofofo kwa mara ya kwanza tangu mavuno.

Siku tano baadaye alikuwa jikoni akimwaga rojo ya unga wa ploye kwenye kikaango, vile vichapati vyembamba vya njano ambavyo Corinne alivipenda na siagi na sukari ya mti wa maple. Corinne aliingia na koti lake bado mwilini.

"Mama. Nani ametuma alama zangu?"

Normande aligeuza kichapati, na ploye haigeuzwi, huiva upande mmoja tu. Mtoto wa miaka mitano wa bondeni anajua hivyo.

"Wardlow wameandika wamezipokea," Corinne alisema. "Zote mbili. Mama, nitazame. Ulituma hata ya Oktoba?"

"Wataona ni Oktoba, mwanangu."

"Wataona nini?"

"Tarehe. Wataona ulikuwa kwenye mavuno."

Normande alitegemea kelele. Angejua la kufanya na kelele. Badala yake binti aliongea polepole, kama anavyoongea mtu na mgonjwa.

"Huko, Mama, Oktoba ni Oktoba tu. Majani yanageuka rangi, watu wanatoka kupiga picha. Hakuna shule inayofungwa. Hakuna mtu kule anayejua kwamba viazi vinatolewa na mtu. Wataona msichana amefanya mtihani mara mbili, na mara ya pili amekuwa mjinga zaidi. Basi."

Kikaango kilianza kutoa moshi. Normande alikiondoa motoni, akakishika tu mkononi, asijue pa kukiweka. Alikuwa ameishi miaka arobaini na tisa na halikumpitia kichwani hata mara moja kwamba kuna mahali duniani ambako mtu ukimwambia Oktoba hakuelewi.

Bi Haskell alipiga simu Wardlow siku iliyofuata. Walimjibu kwa heshima kwamba kilichoingia kwenye faili kimeingia. Ila Bi Haskell angeweza kuandika barua ya kueleza. Aliandika, ukurasa mzima, juu ya mavuno na baridi na zile ekari kumi na nne.

"Ameandika kwamba ni mimi niliyetuma?" Normande aliuliza.

"Ameandika kwamba kulitokea makosa nyumbani," Corinne alisema.

Barua ile ilisomwa na nani, au ilisomwa kweli, hakuna aliyejua.

Zikafuata wiki tatu. Corinne hakununa wala hakujibu vibaya. Alimsaidia mama yake kukunja nguo, akisema "tafadhali" na "asante" na "usijisumbue," na adabu ile ndiyo iliyommaliza Normande, kwa kuwa mtoto haombi radhi nyumbani kwao akipitisha mkono kuchukua chumvi. Kwenye kalenda, neno la siri lilikuwa limefutwa kwa kalamu nyeusi, mstari juu ya mstari, mpaka karatasi ikatoboka.

"Hebu chekeni kidogo nyumba hii," Gilman alisema jioni moja mezani. "Wakimkataa, si Reno ana nafasi kwenye mkanda?"

Hakuna aliyecheka. Gilman aliweka uma chini. Uso wake ulikuwa umebadilika, kama mtu aliyekanyaga barafu akaisikia inalia.

"Nilikuwa natania tu, kipenzi."

"Najua, Baba. Asante."

Normande aliwaza mambo ya kipumbavu. Aliwaza kupanda basi kwenda Massachusetts, safari ya saa kumi, asimame mlangoni pa chuo awaonyeshe mikono yake. Aliwaza kumwandikia yule mwalimu wa Wardlow. Alianza barua mara tatu, na kila mara alikwama kwenye sentensi ya kwanza, kwa sababu kila namna aliyoianza ilionekana kama barua ya mtu aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na sita. Alizichana. Alikuwa amekwisha kutuma vya kutosha.

Majibu yalipangwa kutoka Ijumaa ya katikati ya Desemba, saa kumi na mbili jioni. Giza la majira ya baridi lilikuwa limeingia tangu saa kumi, na baridi ilikuwa imeshuka digrii ishirini chini ya sifuri. Ilipobaki dakika tano, Corinne alivaa koti, akachukua ufunguo wa pikapu.

"Unakwenda wapi?" Normande aliuliza.

"Hapo nje tu. Nataka kusoma peke yangu."

"Nitatoka jikoni. Nitakaa chumbani, sitasema kitu."

"Tafadhali, Mama."

Pikapu ilikuwa imeegeshwa mbele ya nyumba, theluji imefika nusu ya magurudumu. Normande alisimama kwenye dirisha la jikoni, taa ameizima ili aone vizuri. Aliona mwanga mdogo wa simu ukiwaka kwenye uso wa binti yake. Haukukaa hata dakika. Ulizimika, na ndani ya gari kukawa giza kama nje.

"Mwache kwanza," Gilman alisema nyuma yake.

Alimwacha. Saa ya ukutani ilikwenda dakika tano, ikaenda kumi. Injini haikuwashwa. Normande alitumbukiza miguu kwenye viatu vya mumewe, akajitupia koti, akachukua ufunguo wa akiba kwenye msumari wake na kutoka.

Kioo kilikuwa kimeanza kuganda kwa ndani kutokana na pumzi. Kupitia sehemu iliyobaki wazi alimwona Corinne ameshika usukani kwa mikono yote miwili na kutazama mbele, kama anaendesha. Aligonga kwa kidole.

"Corinne."

Hakugeuka.

"Mwanangu, utaganda humo. Wamesema nini?"

Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo, imezibwa na kioo. "Wamesema hapana."

Normande aliweka kiganja juu ya mlango. Chuma kilimng'ata, hakukiondoa.

"Wamesema kwa nini?"

"Hawasemi kwa nini, Mama. Hawasemi kamwe."

"Kwa hiyo labda siyo zile… Labda hata bila zile…"

"Labda," Corinne alisema.

Na hilo lilikuwa baya kuliko yote. Kama angeambiwa ni yeye, Normande angeanguka magotini pale pale kwenye theluji na kuomba msamaha. Kama angeambiwa si yeye, angelia na mtoto wake, kila mtu kilio chake. Sasa aliachiwa neno moja la kuamka nalo kila siku iliyobaki, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza, Massachusetts wala humu ndani ya gari.

"Nifungulie nikae na wewe," alisema. "Sitaongea."

Corinne alinyoosha mkono, na moyo wa Normande ukaruka. Mkono ulikwenda kwenye ufunguo. Injini ilikohoa mara mbili, ikawaka. Normande alirudi nyuma hatua moja, akidhani binti anaondoka, lakini gari halikusogea. Corinne alikuwa amewasha hita tu. Hewa ya moto ilianza kuyeyusha kioo kutoka chini, taratibu, na uso wa msichana ukaonekana kidogo kidogo, kidevu kwanza, kisha mdomo. Kitasa kilikuwa bado kimefungwa. Normande alikijaribu mara moja, kwa upole, akakiachia.

"Mna nini huko?" Gilman aliita kutoka barazani. "Si una ufunguo? Fungua!"

Alikuwa nao. Aliushika ndani ya mfuko wa koti, akayapapasa meno ya ufunguo kwa kidole gumba, moja baada ya jingine. Tundu la ufunguo lilikuwa pale pale, chini ya kitasa. Hakuutoa. Alisimama kando ya mlango ndani ya viatu vya mumewe, theluji ikimwingia visiginoni, akimtazama mtoto wake asiyemtazama. Gilman alimwita tena, kisha akarudi ndani, na mlango wa pikapu ukabaki umefungwa.